Wambua, Wambura na Dirisha la Parklands

Mnisamehe mwandiko wangu. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kalamu hunichosha mkono upesi, kwa hivyo kurasa hizi nimeziandika kwa wiki tatu, leo mistari kumi, kesho mitano. Mkikuta herufi imekaa vibaya, irekebisheni kimya kimya mwendelee kusoma. Nyinyi mna kompyuta inayowapigia mstari mwekundu mkikosea. Mimi nina meza ya jikoni hapa Woodley na jirani anayepiga redio tangu asubuhi.

Nawaandikia nyinyi mliobaki dirishani pale hospitali ya macho ya Parklands, Faith, Brian na yule msichana mpya ambaye sikupata nafasi ya kumzoea. Wiki yangu ya mwisho kazini ndiyo mlifungiwa ile mashine ya kuita wagonjwa. Nilikaa benchi nikaisikiliza. Ina sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kufika Machakos wala Murang'a, na hana haja ya kufika. Ilimwita Mzee Nzioki mara tatu kama mtu anayesoma jina la dawa kwenye chupa. Mzee aliketi pale pale akitazama ukuta. Mara ya nne nikamwita mimi, akainuka, akaniuliza, "Kwani huyo mwingine ni mgeni?" Nikamwambia ndiyo, ni mgeni, na amelipwa pesa nyingi kunishinda.

Nilianza pale nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimetoka kwetu Dagoretti nimevaa viatu vya dada yangu. Niliajiriwa kufagia na kubeba mafaili kutoka chumba cha nyuma hadi dirishani. Nilikuwa na haya hata mtu akiniuliza ni saa ngapi nilikuwa natazama miguu yake. Kazi ya kubeba mafaili ilinifaa kwa sababu faili halikusalimu.

Chumba cha mafaili kilikuwa chake Mama Ndinda, Mkamba wa Kangundo, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baada ya miezi sita, dada aliyekuwa akiita majina alikwenda kujifungua, na Mama Ndinda akanisukuma mbele ya dirisha bila kuniuliza. Jina la kwanza nililopewa kuliita maishani mwangu lilikuwa Lilian Mwende.

Sasa, mimi ni Mkikuyu na naitwa Lydia. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulitamka jina hilo vile lilivyoandikwa. Mama alisema Ridia, baba alisema Ridia, kanisani nilibatizwa Ridia. Herufi ile ya kuanzia niliiona tu kwenye karatasi.

"Ririani Mwende," nikasema.

Hakuna aliyesimama. Mzee mmoja karibu na mlango akauliza, "Huyo ni mgonjwa ama ni kengele?"

Benchi zima likacheka. Nilitaka kurudi Dagoretti kwa miguu. Mama Ndinda akaweka kichwa dirishani, akaita "Lilian" wazi kabisa, mwanamke akaja. Kisha Mama Ndinda akanipa kadi iliyofuata na kusema, "Hii ita wewe. Mimi siiwezi." Ilikuwa ya Rose. Kwake Rose alikuwa Lose, na Ruth alikuwa Luth, tangu azaliwe.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba sisi wawili tukiungana tuna mdomo mmoja kamili. Kwa miaka mingi tuligawana kadi asubuhi kabla ya kufungua mlango: zenye l upande wake, zenye r upande wangu. Rosalia alitushinda wote wawili. Huyo tulimwita kwa kumwonyesha kidole.

Alinifundisha mengine pia, nanyi myachukue hata kama mashine ipo. Ita mara mbili, halafu unyamaze uhesabu hadi kumi. Mgonjwa aliyetoka mbali anahitaji muda wa kujiuliza kama ni yeye anayeitwa, na ukirudia haraka unamharibia hesabu yake. Usitazame karatasi unapoita, tazama benchi, kwa sababu mtu huinua kidevu kabla ya kuinua mguu. Na usimwite mtu mzima kwa jina la ubatizo peke yake mbele ya wakwe zake.

Mwaka wa pili nikanunua daftari. Kila jina lililonisumbua niliandika kando yake kwao ni wapi na wanalisemaje. Mngedhani jina ni jina. Si hivyo. Mvua ni ile ile moja inayonyesha Embu na kushuka hadi Machakos, lakini Embu mtoto wa mvua ni Wambura na ni msichana, ukivuka ukafika Ukambani ile r imedondoka njiani, sasa ni Wambua na ni mvulana. Msichana kule ni Mumbua. Kwetu Njoki ni mwanamke. Kwao Nzioki ni mwanamume mwenye ndevu, na ukimwita Njoki atakutazama kama umemvua suruali. Faith, wewe mwenyewe unajua nyanya yako wa Kitui anavyokuita, na ukiwa kazini unajifanya humsikii.

Siku moja nilikuwa na Miriamu wanne. Wa Kiambu alijiita Miriamu, wa Mombasa alisema Maryamu akilivuta katikati, wa Kangundo alikuwa Malyamu, na mama mmoja wa Kisumu alisema yeye ni Mariam na hao wengine hawajui kusoma Biblia. Niliita mara moja, wakasimama wawili. Nikaita tena kwa njia nyingine, wale wawili wakaketi wakasimama wengine wawili.

"Wewe binti," yule wa Mombasa akaniambia, "waita watu au watufanyisha mazoezi ya viungo?"

"Nyinyi wote mna jina moja, mama."

"Jina moja? Na huyu?" akamwonyesha yule wa Kangundo. "Huyu amelikwangua kama nazi."

"Na wewe unaliimba," yule wa Kangundo akajibu. "Hapa ni hospitali."

Iliwachukua nusu saa kumaliza, na daktari alitoka mara mbili kuuliza kama kuna mkutano. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Watu wanafikiri kazi ya dirisha ni kukaa.

Mama Ndinda alistaafu nikabaki peke yangu na l zote na r zote. Nilijizoeza nyumbani mbele ya sufuria. Baada ya miaka michache nilikuwa nasema Lilian vizuri kiasi, ila nikiwa nimekasirika alirudi kuwa Ririani.

Kisha likatokea jambo la Nzioki na Njoki. Msichana wa dirisha la dawa, mgeni kazini, alimpa mzee Nzioki matone ya macho ya mama Njoki. Hakuna aliyeumia, tuliyapata mlangoni kabla chupa haijafunguliwa, lakini meneja alipiga kelele wiki nzima. Nikatunga sheria yangu mwenyewe, na nilijivunia sana. Asubuhi nakusanya kadi zote. Nikiita, unakuja dirishani, unanitajia jina la mgonjwa kwa mdomo wako mwenyewe, ndipo nakupa faili uingie. Hutaji, huingii. Meneja aliipenda hata akanipa karatasi ya kuibandika ukutani. Ilifanya kazi karibu miaka miwili bila kosa, na kwa ajili ya sheria hiyo hiyo ndiyo naandika barua hii.

Daktari wa macho ya watoto alikuwa anakuja kwetu Alhamisi ya kwanza ya mwezi, asubuhi tu. Saa saba kamili anaingia garini kwenda hospitali nyingine mjini. Alhamisi moja nilikuwa na mafaili kumi na tisa yake. Moja lilikuwa la mtoto wa miaka miwili na nusu, Wambua, aliyeletwa na mama yake kutoka Mwala kwa basi la alfajiri. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ndani ya faili kulikuwa na barua ya daktari wa kwao, niliibandika mwenyewe kwa pini, na niliisoma. Ilisema jicho la kulia limechelewa na pengine halitaona tena. La kushoto bado lingeokolewa, lakini lisicheleweshwe, kwa sababu jicho la mtoto mdogo likikaa muda mrefu bila mwanga husahau kuona. Nasema niliisoma ili msije mkafikiri sikujua.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na Wambura, msichana mdogo wa Embu. Kwa hivyo nilikuwa makini, makini kupita kiasi. Nikaita Wambura, mama yake akaja akilitaja jina kabla hajafika, na la baba, na la shangazi. Akaingia. Nikaita Wambua.

Mama mmoja kijana akasimama, kitambaa cha kijani kichwani, mtoto mgongoni. Akafika dirishani akanyamaza.

"Jina la mtoto?" nikamuuliza.

"Ni huyu."

"Namwona. Jina lake?"

"Ni hiyo umeita."

"Najua nimeita nini, mama. Nataka uliseme wewe."

Akatazama sakafu. "Ni hiyo tu."

"Mama, mtoto hana jina?"

"Ako nayo."

"Basi liseme, tuendelee. Watu wanangoja."

Hakusema. Mwanamume mmoja kwenye benchi akasema kwa sauti, "Labda mtoto ni wa kuazima." Wengine wakacheka. Nilimwinamia mtoto mwenyewe, nikamuuliza kwa upole, "Unaitwa nani wewe?"

"Mzee," akasema.

Hapo benchi likaanguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Faili liliandikwa Wambua, mtoto anasema Mzee, mama hasemi kitu, na kule ndani kuna Wambura. Nikamwambia aketi, akikumbuka jina la mtoto wake arudi. Nililisema hilo neno, akikumbuka.

Nilimwita tena saa nne na nusu, akaja, akasimama vile vile. Nikamrudisha. Saa tano na robo nikamwita mara ya tatu. Safari hii macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nilikuwa nimekasirika mpaka nikasema Wambura badala ya Wambua, nikajisahihisha mbele yake. Nikamwambia sheria iko ukutani, si mimi niliyeileta. Uongo. Nikaweka faili lake chini ya yote na kuendelea na wengine.

Saa saba daktari akatoka na mkoba wake, akaniaga, akaenda. Nilikuwa nafunga rejista nikaona faili moja limebaki, na mama wa kitambaa cha kijani bado yuko benchi peke yake, anamlisha mtoto ndizi. Mtoto alikuwa akilitafuta kila kipande kwa vidole, ijapokuwa mama alikuwa amekishika mbele ya uso wake.

Nikatoka nyuma ya dirisha nikaketi karibu naye. Sikuwa na desturi ya kutoka.

"Mama, una shida gani?" nikamuuliza.

Alinong'ona ingawa hapakuwa na mtu. "Ni jina ya baba ya mzee wangu. Mimi siwezi kuitaja. Kwetu bibi hataji jina ya baba mkwe. Mtoto amechukua hiyo jina, nyumbani namwita Mzee."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaita kwa nguvu. Ningeanza kueleza mambo ya boma yetu mbele ya wanaume wote wale?"

Nilifanya kazi na Mama Ndinda zaidi ya miaka kumi na mitano. Alikuwa na mwana wa kwanza ambaye hata siku moja sikumsikia akimtaja kwa jina, alisema tu "yule mkubwa wangu". Nilijua wanatamkaje kila jina la Ukambani, lilikuwa kwenye daftari langu kwa wino wa rangi mbili. Sikuwahi kuuliza ni nani anayeruhusiwa kulisema. Ningelikuwa na akili ningelisema mimi na yeye aitikie kwa kichwa, na mtoto angekuwa ndani saa tatu na nusu.

Nikampigia simu msaidizi wa daktari. Akasema daktari ameshafika mjini, anaanza chumba cha upasuaji saa nane, tumlete mtoto mwezi ujao. Nikamwambia asome barua iliyo kwenye faili. Akasema faili liko kwetu. Alisema kweli.

Nilichukua mkoba wangu, nikamwambia mlinzi awaambie nimeugua, na tukapanda teksi sisi watatu. Ngara tulikwama. Dereva alizima injini akafungua gazeti, nikamwambia kama angekuwa ndugu yangu ningemchapa, akalikunja gazeti. Mtoto aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni Ridia. Ndivyo lilivyotoka.

Pale mapokezi ya hospitali ya mjini palikuwa na kijana aliyevaa tai, mwandiko mzuri, haraka nyingi. Hakuinua macho.

"Jina la mgonjwa?" akamuuliza mama.

Mama akatazama sakafu.

"Jina, mama. Kuna watu nyuma yako."

Nilimtazama yule kijana. Sauti ilikuwa yangu kabisa, mpaka kule kupumua kwa pua. Nikasema, "Ni Wambua. Wambua, bila r. Mama yake hawezi kulitaja, ni jina la baba mkwe. Andika."

Akaandika. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji.

Daktari tulimkamata kwenye korido akiwa tayari amevaa kofia ya upasuaji. Alimwashia mtoto tochi machoni akiwa amesimama, akasoma barua, akaniuliza kwa nini hakumwona asubuhi. Nikamwambia ni mimi. Hakunigombeza, alikuwa mtu wa haraka. Alisema jicho la kushoto litafanyiwa upasuaji Jumamosi, na kwamba mwezi mzima ungekuwa mwingi mno.

Lilifanyiwa. La kulia halikuona, na daktari alisema lisingeona hata kama angelipata siku ile saa mbili asubuhi. Naamini kwa sababu sina njia nyingine. La kushoto linaona kwa miwani. Alipoletwa kukaguliwa nilimwita, mama yake akaja dirishani, nikampa faili kabla hajafika, naye akanisalimu kwa mkono kama watu wa nyumba moja.

Ile karatasi niliibandua ukutani siku hiyo hiyo. Tangu hapo nilifanya hivi: nikiona mzazi amesita, mimi ndiye ninayelitaja jina, yeye anaitikia kwa kichwa, na tunalinganisha jina la kijiji na la baba ya mtoto. Au mtu mwingine wa benchi analitaja kwa niaba yake. Kwenye daftari nikaanza kuchora duara dogo kando ya majina ya watoto ambao mama zao hawawataji. Kufikia mwisho yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani, na si ya Wakamba peke yao. Hakuna Nzioki aliyechukua dawa ya Njoki tena.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikasirika wiki ile ya mwisho. Si mashine kukosea majina, hilo litarekebishwa na mtu fulani mwenye kompyuta, au watu watazoea. Ni kile kikaratasi kipya mlichokibandika chini yake: kila anayeitwa alitaje jina kamili la mgonjwa kabla ya kuhudumiwa. Brian, nilikuuliza itakuwaje kwa mama asiyeweza, ukaniambia kama mtu anayemtuliza nyanya yake, "Shosh, ni mfumo. Bila hiyo hauendi mbele." Nikakuuliza nani ameuweka, ukainua mabega. Mimi nilikuwa na mabega kama hayo.

Meneja wenu mpya sikumpata. Nilikwenda mara mbili, nikaambiwa yuko mkutanoni Westlands. Kwa hivyo nyinyi watatu ndio nimebaki nao. Daftari nimemwachia mlinzi wa langoni, limefungwa kwa mpira, mlichukue. Someni maduara kwanza kabla ya kitu kingine.

Halafu mniandikie. Sitaki simu, kwenye simu mtasema ndiyo Shosh, ndiyo Shosh, na kukata. Andikeni kwenye karatasi, herufi kubwa kidogo, mniambie Alhamisi ya kwanza ya mwezi huu ni akina mama wangapi walisimama mbele yenu wakatazama sakafu, na ni nani aliyewatajia jina.